Dau la futi 18 au mashua ya futi 28? Namna ya kulinganisha vyombo viwili vya tanga vilivyotumika kabla hujatoa hela

Korosho zikishalipwa huku Mtwara simu yangu haipumziki. Safari hii aliyeanza ni mpwa wangu, mtoto wa dada, kapiga hata chai sijanywa, "Shikamoo mjomba, nimepata mashua Lindi, futi ishirini na nane, jamaa anataka milioni nne na laki mbili, na hapa Mikindani kuna dau la futi kumi na nane wanataka milioni mbili na laki sita, sasa mi nimegawanya bei kwa futi naona kila futi ni kama laki na nusu kote kote, kwaiyo bora kubwa si ndiyo?" Nikamwambia marahaba, usimtumie mtu hela, nakuja.

Tulihangaika na hiyo ishu wiki tatu. Maswali aliyokuwa ananiuliza ni yale yale naulizwa kila msimu, basi nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mwenye hela yake mkononi ayapitie taratibu. Nazungumzia vyombo vya mbao vya tanga, dau na mashua, sio boti za faiba, hizo zina wenyewe.

Hatua ya kwanza: hesabu mikono

Wazee walikuwa wanapima chombo kwa mikono, na mi mpaka leo napima kwa mikono ila ya watu. Kabla hujauliza chombo kina futi ngapi jiulize kesho alfajiri saa kumi na moja nani anakuja kukisukuma. Dau la futi 18 watu wawili wanalimudu baharini, na ukipata wa tatu na wa nne pale pwani mnalivuta mchangani bila kuita kijiji. Mashua ya futi 28 foromali yake, ule mti unaobeba tanga, peke yake ni mzigo, kuipandisha kwa jarari, kamba yake ya kuvutia juu, kunataka watu watatu wanaovuta pamoja, na kwenye upepo wa kusi kuligeuza tanga kutoka upande huu kwenda ule kwa kuizungusha foromali mbele ya mlingoti bila watu wanne wanaojua wanachofanya ni kutafuta msiba.

Mpwa wangu nilipomuuliza ana nani, akasema yeye na mdogo wake. Wengine je? "Nitatafuta." Hapo ndo wengi wanapoanguka, maana baharia wa kutafuta leo yupo kesho kasafiri kwenda kupalilia ufuta, afu kila anayepanda anataka fungu lake. Kwenye mgao, ukishatoa chakula na gharama, chombo na nyavu vina fungu lao na kilichobaki wanagawana waliotoka. Watu watano wakileta samaki wa watu wawili, kila mtu anarudi nyumbani na mboga tu.

Andika pia kazi yenyewe. Kuvua kwa mshipi na kurudi mchana? Kutega nyavu za jarife usiku? Kubeba nazi, makuti, chumvi? Kuvusha watu? Chombo cha kubebea mzigo na chombo cha kuvulia havilinganishwi kwa macho, ni kama kulinganisha bajaji na fuso.

Hatua ya pili: fanya hesabu ya ujazo, achana na bei kwa futi

Hii hesabu ya bei kwa futi inadanganya watu sana. Kutoka futi 18 kwenda 28 urefu umeongezeka kama mara moja na nusu tu, lakini chombo hakirefuki bila kupanuka na kuingia kina. Maumbo yakiwa yanafanana, eneo la nje, yaani mbao za kukalafati (kuziba nyufa zake kwa pamba na mafuta) na kupaka, pamoja na kitambaa cha tanga, linakuwa kama mara 2.4, na tumbo lenyewe, yaani uzito na mzigo, linakaribia mara 3.8. Kwaiyo mashua ya futi 28 inayouzwa bei ile ile kwa futi kama dau sio dili, ni swali. Chombo cha ukubwa ule kikiwa kizima kinatakiwa kiwe ghali zaidi kwa kila futi. Kikiwa rahisi, kuna kitu, na kazi yako ni kukitafuta.

Na mwendo? Watu wanadhani kubwa inakimbia mara mbili. Kuna kanuni ya zamani ya mabaharia kwa vyombo vya namna hii: pima urefu wa pale maji yanapogusa, sio urefu wa juu, kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata mwendo wa mwisho kwa maili za baharini kwa saa. Lile dau majini lilikuwa na futi 16, kipeuo ni 4, sawa na maili 5.4. Mashua majini ilikuwa futi 25, kipeuo ni 5, sawa na 6.7. Safari ya maili 20 upepo ukiwa mzuri kubwa inafika kama dakika arobaini na tano mapema. Hizo dakika ndo unalipia.

Nisiionee mashua lakini. Kusi ikichachamaa mwezi wa saba kubwa inakaa vizuri kwenye mawimbi pale dogo linapokulowanisha mpaka simu ya mfukoni, inalala nje na sanduku la barafu, na tezi yake, yaani nyuma, ni bapa inapokea injini ya nje siku ukipata hela. Dau limechongoka kote, omo (mbele) na tezi, injini utaihangaikia.

Hatua ya tatu: chagua siku

Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kukauka sana, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Pwani yetu siku hizo maji yanajaa kwenye saa kumi hivi na kukauka kwenye saa nne asubuhi, kwaiyo asubuhi unakikuta chombo kimelala mchangani kikavu na mkuku, ule mti wa chini ulio uti wa mgongo wake, uko nje, na jioni hiyo hiyo kinaelea unaweza kukijaribu. Ukienda siku za maji mafu, bahari ikikauka kidogo tu, utaonyeshwa chombo kikiwa majini nusu, na muuzaji atakwambia "huku chini ni salama kabisa bosi".

Beba kisu kidogo au bisibisi nyembamba, nyundo ndogo, tochi, futikamba, uzi wa fundi mwashi, ndoo na kijiti. Beba na fundi wa vyombo asiye jamaa wa muuzaji. Fundi wa palepale Lindi alimpigia mwenye mashua salamu kwa jina la utani, nikajua huyu hatufai, tukamchukua mwingine kutoka Mikindani tukamlipia nauli.

Hatua ya nne: chini ya chombo, hapa usiharakishe

Kabla hujagusa kitu, funga uzi kutoka mwisho wa mkuku omo mpaka mwisho wa mkuku tezi, uvute ukaze. Mkuku unatakiwa uende na uzi. Ukiona katikati umepanda na ncha zimelegea chini, au kinyume chake, hicho chombo mgongo umeshavunjika kwa ndani hata kama kinaelea. Kubwa ndo linapata sana haya kwa sababu kila maji yakikauka linakalia uzito wake lenyewe, tena pengine na mzigo ndani. Dau halina uzito wa kujivunja. Mashua ya Lindi uzi uliachana na mkuku kama vidole viwili katikati, fundi akasema kwa umri wake hiyo inavumilika, nikaandika.

Afu anza na ubao wa kwanza unaopakana na mkuku, pande zote mbili, kutoka omo mpaka tezi. Gonga na nyundo kila shibiri moja. Mbao nzima inajibu kavu, *ko, ko*. Iliyooza au iliyoliwa inajibu kama unagonga papai. Ukifika hapo choma na ncha ya kisu. Wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wanaingia kwa tundu dogo kama la sindano wakiwa wachanga, wanakulia humo ndani, kwaiyo nje utaona ubao umetulia na ndani umebaki sega. Kisu kikizama bila kusukumwa, usibishane na mtu, huo ubao wa kutoka.

Deheni mbichi, ule mpako wa chokaa na mafuta, ndo adui wa mnunuzi. Mi mwenyewe miaka ya nyuma niliuziwa mashua ya futi 26 imepakwa chokaa na mafuta nyeupe kama sahani ya harusi, nikaona aibu kukwangua kazi ya mtu. Mwezi wa pili nikachomoa msumari mmoja uliolegea ukatoka na kipande cha ubao kimeshikana nao kama mkate uliolowa. Mbao nne upande mmoja, zote hivyo hivyo. Tangu hapo nakwangua, mwenyewe akinuna namwambia nitampakia mwenyewe nikimaliza. Kwangua mahali sita au saba upana wa kiganja, hasa chini karibu na mkuku na pale tezi.

Misumari: tafuta michirizi ya kutu inayoshuka kwenye ubao. Msumari mmoja mmoja ni kawaida. Safu nzima ikilia kutu ujue misumari ya kawaida ilitumika badala ya ile ya zinki, na kutu ikishaanza inakula na mbao inayouzunguka, msumari unabaki umesimama kwenye tundu lake hauna kazi.

Ingia ndani na tochi. Mataruma ndo mbavu, yashike moja moja uyatikise, angalia pale yanapokutana na mkuku na pale msumari ulipopita. Moja au mawili yaliyopasuka fundi anayasaidia kwa kuweka mengine pembeni. Yakifika matano yamefuatana unanunua kuni. Angalia mwashiri, ule mti wa kukingama, unapokamatia mlingoti na kile kikao cha mlingoti chini, maana nguvu yote ya upepo inaishia hapo, ukiona mti umemegeka au umefungwa kamba kamba na nailoni ujue mlingoti unacheza.

Sasa hili watu wananicheka nalo: maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, yaonje. Chovya kidole. Yakiwa chumvi, chombo kinavuja, na kuvuja kunatibika. Yakiwa matamu ni ya mvua, maana yake kimekaa muda bila kufunikwa wala kufuliwa maji, na maji ya mvua yanaozesha mbao kuliko ya bahari. Mashua ya Lindi maji yake yalikuwa matamu, na juu yake yanaelea majani ya mwarobaini. Muuzaji alikuwa ametuambia ilitoka baharini wiki iliyopita.

Hatua ya tano: tanga, mlingoti na kamba

Haraka haraka. Tanga litandazwe lote mchangani, usikubali kuliona limefungwa kwenye foromali. Vuta kitambaa kwa vidole karibu na mshono, kikichanika kama karatasi jua limeshakula, na tanga la mashua ile ni zaidi ya mara mbili ya tanga la dau, kwaiyo likiwa bovu punguza bei kwa uzito huo. Mlingoti na foromali tafuta nyufa zinazozunguka mti, zile zinazokwenda na urefu wa mti sio tatizo sana. Gofia, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, izunguke. Jarari na demani, kamba ya kuvutia tanga, kata bei tu, kamba utanunua mpya. Usukani uuinue uone vyuma vinavyoubeba, na kana, mpini wake, isicheze.

Hatua ya sita: majini

Chombo kilichokaa kavu muda mrefu lazima kivuje siku ya kwanza, mbao hazijanywa maji. Kwaiyo usiogope na usiridhike. Omba kikae majini siku tatu, na kila asubuhi hesabu ndoo unazofua. Namba ikishuka kila siku, mbao zinavimba zinajifunga. Ikibaki pale pale au ikipanda, kalafati imekufa au kuna tundu. Mwenye chombo akikataa siku tatu mwambie sawa, basi bei ni ya chombo kinachovuja.

Afu toka nacho. Kwenda na upepo nyuma kila chombo ni kizuri, hata mlango wa choo unaenda. Kitie kwenye bisho, kibishe dhidi ya upepo nusu saa, uone kinapanda au kinateleza pembeni tu, uone mataruma yanalia wapi, mtu mmoja akae ngamani na tochi aangalie maji yanaingilia upande gani chombo kikilala. Geuza tanga mara tatu na hesabu watu waliotumika. Dau sisi watatu ndo tulikuwa farumi yake, yaani uzito wa kulituliza, tunahamia upande wa joshi, unakotoka upepo, tu linatulia. Mashua tupu ilikuwa inayumba mpaka tukapakia viroba kumi na mbili vya mchanga, na hivyo viroba kuna mtu inabidi avibebe kuvitia na kuvitoa kila ukipata mzigo.

Hatua ya saba: bei ya mwaka wa kwanza

Chukua daftari, chora mstari katikati, kila chombo upande wake. Bei. Mbao za kubadilisha. Ufundi. Pamba na mafuta ya kukalafati. Tanga. Kamba na nanga. Kupaka deheni na kuchoma makuti chini ya chombo kuua wadudu na magugu, hiyo ni kila baada ya miezi michache sio mara moja. Mlinzi, maana kubwa hulivuti mpaka uani kwako. Kukileta nyumbani. Maboya ya kuvaa kwa kila mtu anayepanda, watano sio wawili.

Kwa hesabu yetu dau la milioni mbili na laki sita lilifika baharini na nyavu juu kwa milioni tatu na laki nne. Mashua ya milioni nne na laki mbili ilikuwa inafika milioni saba na point, bila nyavu. Mpwa wangu alilikodolea daftari akanyamaza, mi nikaagiza chai.

Hatua ya nane: makaratasi

Fupi ila usiruke. Muuzaji awe mwenye chombo kweli, sio nahodha wake wala shemeji yake. Waulize BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ya pale pwani kinapolala na serikali ya mtaa au kijiji, wao wanajua kama kuna deni, mirathi au kesi. Usajili na ukaguzi wa usalama ni TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, leseni ya uvuvi ni idara ya uvuvi ya halmashauri, hakikisha namba iliyoandikwa ubavuni ndo iliyo kwenye karatasi. Kama utavulia upande wa Msimbati kumbuka ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu 2000, ina taratibu zake za zana, uliza kabla hujanunua nyavu. Mauziano yaandikwe, mashahidi pande zote, hela ipite kwenye simu au benki ibaki na kumbukumbu.

Hatua ya tisa: msimu na kukileta nyumbani

Korosho zikilipwa kila mtu anataka kununua kitu, bei inapanda. Mi nanunua kwenye kusi, vyombo vingi vimelala na wenyewe wana shida ya hela. Tatizo la kusi ni moja, ukinunua Lindi ukataka kuja Mtwara upepo unakupiga usoni, unabisha njia nzima na chombo usichokijua. Subiri kaskazi ianze, ukusukume, na ucheki utabiri wa bahari wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, siku yenyewe na siku mbili za mbele. Kwenye mwezi wa nne na wa tano usiwe jeuri, Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani kabisa kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, na Mei 2024 tukawa na Hidaya. Dau unaweza ukalipakia kwenye lori likaja kwa barabara. Mashua ya futi 28 sahau.

Mwishowe ile mashua aliichukua baba mmoja wa Kitunda ya Lindi, ana vijana wake wanne wote baharia, kaishusha mpaka milioni tatu, kabadilisha mbao sita na sasa inavusha nazi kila siku na inapendeza kuiona. Mpwa wangu alichukua dau kwa milioni mbili na laki tatu. Tulisubiri bamvua iliyofuata tukalilaza ubavu mchangani pale Mikindani, tukalichoma makuti, tukakalafati mistari mitatu, tukalipaka. Siku ya kwanza majini alifua ndoo tisa, akanipigia kwa hofu saa tano usiku. Ya pili nne. Ya tatu moja na nusu. Bado ananitumia namba kila asubuhi kwa meseji, bila salamu, namba tu. Ya leo ni nusu.